Mtumishi wa Posta Aliyeitetea Lugha Yake

Husemwa mara kwa mara katika maofisi yetu, na hata katika vyumba vya walimu, kwamba mtu aliyeajiriwa hana nafasi ya kuandika kitabu. Asubuhi ni ya mwajiri, jioni ni ya watoto, na usiku ni wa kulala. Wasemao hivyo huongeza kwamba fasihi ni kazi ya watu wenye wakati wa kuchezea, ama ya wahadhiri ambao hulipwa kwa kusoma. Mimi mwenyewe nimepata kuitumia hoja hiyo, tena kwa faida yangu, rafiki aliponiuliza ule muswada niliomwahidi umefikia wapi. Leo napenda kuijibu kwa kumtaja mtu mmoja wa India, Shamsur Rahman Faruqi, aliyekuwa mtumishi wa Posta kwa miaka 36, na katika miaka hiyo hiyo akawa mhakiki mkubwa wa lugha ya Kiurdu na mfasiri, na uzeeni mtunzi wa riwaya ambayo wengi huihesabu miongoni mwa riwaya kuu za lugha hiyo.

Faruqi alizaliwa tarehe 30 Septemba, 1935, katika wilaya ya Pratapgarh, kaskazini ya India, wakati nchi hiyo ingali chini ya Waingereza. Mwaka 1955 alipata shahada ya pili ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Allahabad. Akafundisha kwa miaka michache katika vyuo vya miji midogo, Ballia na Azamgarh. Kisha akafanya mtihani wa utumishi wa Serikali, na mwaka 1958 akaingia Posta. Huko alihamishwa mji hadi mji, kama wahamishwavyo watumishi wote, akapanda ngazi mpaka akawa Postamasta Mkuu wa jimbo, na mwishowe mjumbe wa Bodi ya Huduma za Posta. Alistaafu mwaka 1994.

Msomaji na azitazame vizuri tarehe hizo. Kitabu chake cha juzuu 4 juu ya Mir Taqi Mir, mshairi aliyefariki mwaka 1810, kilianza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla mwandishi hajakabidhi ofisi. Ndicho kilichompatia mwaka 1996 tuzo ya Saraswati Samman, mojawapo ya tuzo kubwa za fasihi nchini India. Majalada ya Posta yalikuwa mezani mchana. Mir alikuwa mezani usiku. Kwetu si jambo geni. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha na wa ofisi nyingine za serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare akiwa na nchi nzima mabegani. Lakini hao tumezoea kuwaweka mbali nasi, kama watu wa kuheshimiwa siku za sikukuu, na pengine ndiyo sababu mfano wa mgeni hutuchoma zaidi.

Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 30, Faruqi alianzisha mjini Allahabad jarida la fasihi liitwalo Shabkhoon. Jina hilo maana yake ni shambulio la usiku. Mkewe alikuwa mwalimu, na fedha za mke huyo ndizo zilizolisimamisha jarida katika miaka ya mwanzo; hapo walimu wanisomao watatabasamu, maana wanajua mishahara ya ualimu ilivyo popote duniani. Jarida lilidumu mpaka mwaka 2005. Miaka 39 kwa jarida la fasihi, lisilo la chama wala la kampuni, ni umri ambao magazeti mengi ya biashara hayaufikii.

Shambulio lenyewe lilikuwa juu ya nani? Hapa ndipo mimi, mwandishi wa gazeti la Chama, ninapopata kazi ya kujieleza. Tangu mwaka 1936, walipokutana mjini Lucknow, Waandishi wa Kimaendeleo ndio waliotawala fasihi ya Kiurdu. Walikuwa watu wa maana sana. Sajjad Zaheer, Ismat Chughtai, Krishan Chander na Faiz Ahmad Faiz waliandika habari za mkulima, mfanyakazi na mwanamke aliyefungiwa ndani, na baadhi yao walikwenda jela kwa ajili ya msimamo wao. Faiz alipata Tuzo ya Amani ya Lenin mwaka 1962, na baadaye akahariri Lotus, jarida la waandishi wa Afrika na Asia. Sisi tuliosoma tukiambiwa kwamba sanaa ni silaha ya wanyonge tuliwahesabu kuwa ndugu. Ndipo anatokea mtumishi wa Posta, anasema kwamba shairi haliwi zuri kwa sababu limesimama upande wa haki, na kwamba mhakiki anayeuliza kwanza mshairi ni wa chama gani amekwisha kuacha kazi ya uhakiki.

Nakiri kwamba nilipomsoma mara ya kwanza nilikasirika. Nilimwona kuwa mmoja wa wale wanaotaka fasihi ifungiwe sebuleni, mbali na jasho la watu. Tena jarida lake lilichapisha, hasa miaka ya mwanzo, hadithi na mashairi yenye mafumbo yasiyofumbulika, na wako wasomaji wa Kiurdu walioacha kusoma kwa sababu hiyo. Siwalaumu. Faruqi alistahili kuambiwa, na aliambiwa, kwamba upya usioeleweka si ushindi. Lakini nilipozidi kumsoma niligundua kwamba mtu huyu alikuwa akipigana vita vingine pia, vilivyoanza karibu miaka 60 kabla ya Waandishi wa Kimaendeleo, na katika vita hivyo yeye ndiye aliyekuwa upande wetu.

Mwaka 1857 Wahindi waliasi dhidi ya Kampuni ya Waingereza, wakashindwa, na Delhi ikaadhibiwa vikali. Miongoni mwa waliouawa alikuwa mhariri mmoja wa gazeti, Muhammad Baqir. Mwanawe, Muhammad Husain Azad, alikimbia, akatangatanga, na mwishowe akapata riziki Lahore katika idara ya elimu ya watawala wale wale waliomuua babake. Mwaka 1880 alitoa kitabu Ab-e Hayat, historia ya kwanza kubwa ya ushairi wa Kiurdu. Rafikiye Altaf Husain Hali naye alifanya kazi Lahore, katika ghala la vitabu la Serikali, akisahihisha Kiurdu cha vitabu vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza, lugha ambayo yeye mwenyewe hakuijua sawasawa. Mwaka 1893 akatoa kitabu chake juu ya kanuni za ushairi. Watu hao wawili, waliokuwa wazalendo kwa nia na wajuzi kwa elimu, walifika mahali pa kuionea haya fasihi ya baba zao. Ghazali, walisema, ni ya uongo: inapiga chuku, inarudia mambo yale yale, haifanani na maisha. Ushairi wa kweli ni ule ulio wa maumbile, kama wa Waingereza.

Faruqi alitumia nusu ya maisha yake kuonyesha kwamba hukumu hiyo ilikuwa ya mtu aliyeshindwa vitani akakubali pia kushindwa akilini. Washairi wa zamani wa Kiurdu, alisema, hawakukusudia kueleza habari za nafsi zao kama mtu anayeandika barua kwa ndugu. Walikuwa na kanuni zao. Walichukua mada inayojulikana na watu wote, na ustadi ulikuwa kuizalisha maana mpya, au kuliweka neno moja mahali ambapo litabeba maana mbili au tatu kwa pamoja. Anayemhukumu Mir kwa kutomwona mpenzi wake katika shairi ni sawa na anayemlaumu seremala kwamba mlango aliotengeneza hauliki. Hakuyasema hayo kwa kelele. Aliyasema kwa kuchukua mashairi ya Mir, beti baada ya beti, na kueleza kila neno lilikuwa likifanya kazi gani.

Sina haja ya kumweleza mwalimu wa Kiswahili jambo hili linafanana na nini. Nasi tuna wasomi waliowahi kupima tenzi na mashairi yetu ya vina na mizani kwa vipimo walivyovipata katika vitabu vya Ulaya, wakaona mapungufu mengi. Ugomvi wa mashairi ya kimapokeo na ya kisasa uliowasha moto katika miaka ya 1970 ulikuwa na mambo mengi mazuri, lakini mara nyingi pande zote mbili zilisahau kuuliza utenzi ulikusudiwa kufanya kazi gani kwa watu walioutunga.

Vivyo hivyo juu ya asili ya lugha. Wengi wetu tumeambiwa kwamba Kiurdu ni lugha iliyozaliwa katika kambi za askari, mchanganyiko wa Kiajemi, Kituruki na lugha za wenyeji, na kwamba tangu mwanzo ilikuwa lugha ya Waislamu kama Kihindi kilivyokuwa lugha ya Wahindu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2001 juu ya historia ya mwanzo ya fasihi hiyo, Faruqi aliikataa hadithi hiyo. Alionyesha kwamba lugha yenyewe iliitwa kwa karne nyingi Hindi, Hindvi au Rekhta. Kwamba jina la Urdu kwa maana ya lugha hii halionekani mpaka mwishoni mwa karne ya 18. Na kwamba neno urdu katika Delhi ya wakati ule lilimaanisha mji wa mfalme, si kambi. Waingereza ndio walioikuza hadithi ya kambi, na Chuo chao cha Fort William, kilichoanzishwa Calcutta mwaka 1800, kilisaidia kuitenga lugha moja kuwa mbili, kila moja na hati yake na dini yake. Matokeo ya utengano huo yalikuja kulipiwa kwa damu. Na sisi je, hatukuambiwa kwamba Kiswahili ni mchanganyiko tu wa lugha za wafanyabiashara, lugha isiyo na kwao? Wataalamu wamekwisha kulijibu hilo, lakini bado husikika, tena kutoka vinywani mwa Waswahili.

Nimesema kwamba Faruqi alikuwa mfasiri. Kazi yake katika uwanja huu inanivutia kwa sababu ilikwenda pande zote mbili, na haikubagua vyeo. Alikitia katika Kiurdu kitabu cha Aristotle juu ya ushairi, ili wasomaji wake wakione chenyewe badala ya kusikia habari zake. Alishirikiana na Frances Pritchett, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, kukitia kwa Kiingereza kile kile kitabu cha Azad alichokipinga. Maana adui anayestahili kujibiwa anastahili kwanza kusomwa. Kisha mwaka 2011 zikatoka tafsiri zake za riwaya 4 za Ibn-e Safi, mtunzi wa hadithi za upelelezi zilizokuwa zikiuzwa kwa bei ya chini katika vituo vya gari moshi vya India na Pakistani. Mzee wa miaka 75, mwenye sifa ya kuwa mhakiki mgumu kuliko wote, anaketi kutafsiri habari za wapelelezi na majambazi! Wasomi wetu wanaokunja uso wakisikia majina ya watunzi wa hadithi za kusisimua watafakari hilo kwa nafasi yao.

Na riwaya? Alianza kutunga hadithi akiwa amekwisha kustaafu, na zile za mwanzo alizichapisha katika jarida lake mwenyewe kwa majina ya bandia. Mwaka 2006 ikatoka riwaya ya Kai Chand The Sar-e Asman. Mimi sijui Kiurdu. Nimeisoma kwa Kiingereza, kama ilivyotoka mwaka 2013 kwa jina la The Mirror of Beauty, na bahati nzuri Kiingereza hicho ni cha Faruqi mwenyewe, kwa kuwa aliitafsiri kwa mkono wake. Ni kitabu cha kurasa zinazokaribia 1000.

Kiini chake ni mwanamke aliyepata kuishi kweli, Wazir Khanam, mama wa mshairi mashuhuri Dagh aliyezaliwa Delhi mwaka 1831. Mwanamke huyu hakuwa binti wa kifalme. Alichagua mwenyewe wanaume aliotaka kuishi nao, katika zama ambazo mwanamke alichaguliwa: kwanza ofisa wa Kiingereza aliyeuawa, kisha Nawabu Shamsuddin, babake Dagh. Mwaka 1835 William Fraser, mwakilishi wa Waingereza Delhi, alipigwa risasi. Nawabu akashitakiwa kwamba alimtuma muuaji, akanyongwa mwaka huo huo. Baadaye Wazir aliolewa na mwana wa mfalme wa mwisho wa Delhi, naye akafa mwaka 1856. Kila mara nyumba inabomoka juu ya kichwa chake, na kila mara anainuka akiwa na heshima yake. Mwaka mmoja baadaye ulimwengu wote ule ukabomoka pia, lakini mtunzi hakutufikisha huko. Msomaji anaujua mwaka 1857, naye Wazir haujui, na kwa hiyo kila karamu katika kitabu inasomwa kwa huzuni.

Faruqi alijiwekea sharti moja ambalo linaonyesha ukali wake: katika Kiurdu cha riwaya hiyo alijaribu kutotumia neno lolote ambalo halikuwa likitumika katika zama anazozieleza. Fikiri, ndugu msomaji, kazi ya mtu anayepima kila neno kwa kamusi za karne mbili nyuma kabla hajaliandika. Wako waliosema kwamba ni majivuno. Mimi naona ni hoja ile ile ya uhakiki wake, safari hii ikiwa imevaa nguo za hadithi: watu wale na wasemwe kwa maneno yao.

Siwezi hata hivyo kukisifu kitabu hiki bila kusema kinapochosha. Mtunzi anapenda mno vitambaa. Anaweza kutumia kurasa nzima kwa mavazi ya mgeni mmoja, vito vyake, viatu vyake, na tandiko la farasi wake. Mkulima anayelipa kodi ya kuyanunua yote hayo anapita kwa mbali, kama kivuli cha mti. Wale Waandishi wa Kimaendeleo wangemuuliza swali hilo, na lingekuwa swali la haki. Lakini wangesahau sehemu ya kwanza ya riwaya, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote. Hapo hakuna Nawabu. Kuna mchoraji wa kijiji katika Rajasthan, anayechora kwa kubuni picha ya msichana mzuri. Picha inatokea kufanana na binti wa mtawala, ambaye haifai kutazamwa na mtu. Binti anauawa na babake, na kijiji kizima kinaamriwa kuhama usiku. Mchoraji anakwenda kuishia Kashmir, miongoni mwa wachonga mbao na wasanii wa mazulia. Namna mafundi hao wanavyofanya kazi, jinsi mchoro wa zulia unavyowekwa katika alama ambazo wafumaji huzifuata, Faruqi anaieleza kwa heshima ambayo sikuiona katika vitabu vingi vinavyojiita vya wafanyakazi. Kizazi kwa kizazi, damu ya fundi yule ndiyo inayofika kwa Wazir Khanam.

Kazi yake nyingine niiguse kwa ufupi. Alikusanya juzuu zote 46 za visa vya Amir Hamza, yule yule Hamza ami yake Mtume ambaye hata watoto wa pwani yetu wanalijua jina lake, zilizopigwa chapa Lucknow mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wasomi walizidharau kuwa ni porojo. Alizisoma, akaandika juu ya ufundi wa watambaji wake. Mtambaji mkubwa wa mwisho, Mir Baqar Ali wa Delhi, alikuwa amefariki mwaka 1928. Mwaka 2005 mpwa wake Faruqi, Mahmood Farooqui, akapanda jukwaani kuvitamba tena visa hivyo, na leo vijana hununua tikiti kwenda kuvisikiliza.

Hata hivyo lugha aliyoitetea haiko katika hali njema nchini mwake. Sensa ya India ya mwaka 2001 ilihesabu watu zaidi ya milioni 51 walioitaja kuwa lugha yao ya mama. Ile ya mwaka 2011 iliwakuta milioni 50 na ushei, ingawa idadi ya watu wa nchi iliongezeka sana. Katika Uttar Pradesh, kwao Faruqi, Kiurdu kilipewa mwaka 1989 hadhi ya lugha rasmi ya pili, lakini hadhi ya kwenye karatasi haimfundishi mtoto kusoma. Lugha huimbwa katika sinema na kupendwa na kila mtu, na hapo hapo vijana wengi hawaijui hati yake. Faruqi aliyaona hayo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaomlaumu kwamba aliitia riwaya yake kwa Kiingereza ili asifiwe ng'ambo. Aliiandika kwanza kwa Kiurdu, akaichapisha kwa Kiurdu, na baadaye akawafungulia mlango wajukuu wa wasomaji wake ambao hawawezi tena kuingia kwa mlango wa mbele.

Faruqi alifariki tarehe 25 Desemba, 2020, akiwa na umri wa miaka 85, baada ya kuugua Uviko-19. Alikuwa akitibiwa Delhi. Asubuhi ile ile aliyorudishwa nyumbani kwake Allahabad ndiyo aliyokata roho.

Namfahamu mwalimu mmoja wa sekondari, huko bara, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitafsiri hadithi za Kiasia katika madaftari ya shule, kwa kalamu ya wino, baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi. Mchapishaji mmoja alimrudishia kazi yake bila kuifungua, na wa pili alimwambia kwamba Watanzania hawasomi habari za Wahindi. Jibu la ajabu, katika lugha ambayo neno chapa lenyewe limetoka India, pamoja na gari, bima na laki! Wizara na wachapishaji wa umma wangefanya jambo la maana kama wangetenga fungu dogo, hata la vitabu viwili au vitatu kwa mwaka, kwa ajili ya tafsiri za fasihi za Asia na za Afrika yenyewe, na kuwatafuta wafasiri mahali walipo, yaani mashuleni na maofisini. Pwani yetu ina watu wanaojua Kiurdu na Kiswahili vyote viwili. Hao wangeweza hata kutuvusha bila kupitia London.

Mwalimu huyo nimemwazima nakala yangu ya The Mirror of Beauty. Ameniandikia kwamba hataki kuanzia kwa Wazir Khanam. Ameanza na kijiji cha mchoraji, na amekwisha kujaza daftari moja.